Pistoni Zilizoibwa Kitale

Walubengo alikuwa fundi wa mdomo. Mikono aliitunza kwa kazi nyingine, hasa ya kupokea. Asubuhi ile, gari jekundu la michezo lilipoingia uani kwake Kitale, tabo ya kusukumia injini hewa ikipiga miluzi, alimeza mate kwanza kabla ya kusalimia.

Mwenye gari alikuwa Fadumo, mwuza vitunguu wa karibu na msikiti, aliyeachiwa gari hilo na kaka yake.

"Fundi, ukienda polepole iko sawa. Ukikanyaga, ikianza kulia juu juu, inazima fyuu!"

Kimoyomoyo Walubengo alishaujua ugonjwa wa gari: chujio la petroli. Kitale watu hununua petroli ya mtungi, na gari likizima hivyo, fundi yeyote huanzia kwenye uchafu. Dawa yenyewe rahisi. Ila kwa nini uliponye gari la mtu wakati unaweza kuliponya likishakuwa lako? Akafungua boneti, akamulika tochi, akavua kofia kama aliyefika matangani.

"Mama, pole sana. Wamekumaliza. Wameiba pistoni."

"Ati?"

"Zote! Hata moja hawakuacha."

Kusema kweli, hapo hakudanganya sana. Injini ile ni ya rotari. Tangu kiwandani haina pistoni, ina vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka tu.

"Uuwi! Na si bado inatembea?"

"Inatembea kwa mazoea, mama. Siku itakumbuka, itakuacha njiani."

Fadumo akalia, kwikwi na kamasi. Ndipo Walubengo, kwa huruma iliyomshangaza hata yeye, akajitolea kubaki na huo mzoga afugie kuku, na yeye Fadumo achukue gari lake fundi, Probox. Probox hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani, na ndiyo iliyompeleka mkewe Rispah kanisani. Wakashikana mikono mbele ya kinyozi na wateja wake. Mtaani pale, mkono ukishashikwa mbele ya watu, hakuna kurudi nyuma.

Walubengo alibadilisha chujio, akaelekea Bungoma akiimba. Huko alikuwako Khisa, kontrakta aliyetafuta gari la kuwanyamazisha wakwe. Alipopita Kiminini akakanyaga. Gari likalia juu juu, fyuu, likazima. Akapuliza mipira ya petroli, akafuta plagi, akakemea pepo. Akakanyaga tena. Fyuu.

Sawa, akajiambia, litauzwa polepole.

"Bosi, hii ni gari ya heshima," alimwambia Khisa pale Kanduyi, Bungoma, watu wakiwa wamejaa. "Haikimbizwi. Inaonyeshwa."

Khisa akaingia, akakanyaga mpaka chini. Fyuu.

Kabla Walubengo hajapata uongo, Probox iliyosheheni vitunguu vya soko la Bungoma ikasimama kando yao. Fadumo akatoa kichwa dirishani.

"Si hii ndio ile iliibiwa pistoni? Huyu fundi mwenyewe ndiye aligundua!"

Khisa akashuka taratibu. "Kijana, unaniletea gari haina pistoni?"

"Bosi, haijawahi kuwa nazo! Ilitengenezwa hivyo, naapa!"

Ulikuwa ukweli mtupu, na watu walicheka mpaka mtu wa bodaboda akaketi chini. Khisa akaenda zake akitema mate.

Walubengo akasogea dirishani, machozi yakimlengalenga. Haya yalikuwa ya kweli.

"Mama, turudishane, tafadhali. Rispah ataniua."

"Fundi, sikia," Fadumo alisema kwa upole. "Tabo inasukuma hewa mingi, petroli inafika kidogo, so kompyuta inazima injini isiungue. Pampu yake Kenya nzima haiko. Mafundi wote waaminifu waliniambia hivyo. Nikawaomba wachukue hii gari, wakakataa, ati watanionea. Sasa mimi ningefanya nini? Nikauliza mwizi anapatikana wapi, na kila mtu akanielekeza kwako."

Akakanyaga Probox mpaka chini. Ikalia juu juu, ikapanda barabara ya Kitale na vitunguu vyake, wala haikuzima.