Habari za Placidius na Diski Iliyokataa Kutoka

Sogeeni, enyi wakulima wa ndizi na wachumaji wa kahawa, enyi makarani wa Rubwera mnaosinzia juu ya mafaili, nanyi wachungaji mlioegemea fimbo huko nyikani! Wekeni chini majembe, zimeni redio, na asiye na kiti akalie ndoo, kwa maana leo inanenwa habari ya vita vilivyopiganwa Kamuli siku ya Jumamosi, baina ya mtu mmoja na kipande cha chuma kisichozidi sahani ya wali. Mwenye haraka aende zake salama. Habari kubwa haisimuliwi mtu aliyesimama mguu mmoja.

Alikuwako shujaa, Placidius mwana wa Cleophace, karani wa masjala, mgonga mihuri asiyechoka, mwenye gari dogo la rangi ya fedha ambalo kwa miaka minne lilipanda na kushuka vilima vya Kyerwa likiguna kama mgonjwa asiyesikilizwa. Breki zake za nyuma zilikuwa zimelika hata chuma kikawa kinasaga chuma. Na katika mvua zilizopita, akirudi nyumbani na mkewe, na mama mkwe wake, Bibi Kokubanza, ameketi kiti cha nyuma, shujaa alikanyaga breki kwenye mteremko, na gari likamdharau, likaingia migombani, likalaza migomba mitatu, likaenda kusimama juu ya lundo la samadi.

Bibi Kokubanza hakupiga yowe. Alishuka, akakung'uta kanga yake, akanena na binti yake. "Jovitha, mwambie mumeo nimeshukuru. Kuanzia leo mimi ni wa kwenda kwa miguu."

Neno hilo, waitu, ndugu zangu, lilikuwa zito kuliko gunia la kahawa mbichi. Jicho moja la mama huyu lilikwisha kuzimika, na la pili lilikuwa limetanda ukungu. Alikuwa ameitwa hospitali ya Nyakahanga kupasuliwa Jumatatu inayokuja, na akiikosa siku hiyo atangoja miezi, nalo jicho halingoji. Kwa miguu hafiki. Bodaboda aliapa hapandi, kwa kuwa mwanamke wa heshima hatanui miguu nyuma ya kijana wa watu. Likabaki gari, na gari amelikataa. Wala shujaa hakuwa na namna ya kumbembeleza, maana kwao mkwe habishani na mkwe uso kwa uso. Baina yao umesimama ukuta wa heshima, na kila neno sharti lipitie kwa Jovitha kama barua ipitiayo kwa mtendaji wa kijiji. Na fundi wa pekee aliyeaminika alikuwa amekwenda msibani.

Basi Jumamosi asubuhi Placidius akajifunga silaha. Akachukua jeki, spana, nyundo ya kilo mbili, pedi mpya na diski mpya mbili zingali katika karatasi zake. Alikuwa ametazama video mara kumi na moja, na mtu aliyetazama video mara kumi na moja hashauriki.

Uwanja wa nyumba yake, kama viwanja vyote vya vilima vile, ulikuwa umeinama. Na mtu wa kule hafanyi lolote juu ya gari kabla hajalifunga kama anavyofungwa fahali. Akayawekea mawe magurudumu ya mbele, kisha akaivuta breki ya mkono, krrr, krrr, krrr, hata mwisho, akaongeza krrr moja zaidi kwa ajili ya ile migomba mitatu iliyotangulia mbele ya haki. Akainua nyuma, akategemeza kwa magogo, akang'oa gurudumu. Kalipa, ile koleo inayoibana diski kwa pedi, ikafunguka bila maneno, akaitundika kwa waya. Mbele yake ikabaki diski, imevaa kutu, imetulia.

"Ewe diski!" akanena shujaa, mkono kiunoni. "Mimi ni Placidius. Nimewahi kupata saini tatu za wakuu kwa siku moja. Toka kwa amani, au utoke kwa aibu!"

Diski haikuonyesha kuguswa na jambo lile.

Ndipo nyundo ikaanza kunguruma. Ikapiga kulia, ikapiga kushoto, ikapiga na kidole gumba cha shujaa, ambacho hakikuwa adui. Akaimwagia diski mafuta ya taa, akangoja, akapiga tena. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, kuku wakahama uwanja. Kamuli yote ikajua kwamba kwa karani kuna jambo.

Ndipo akatokea jirani yake Muhwezi, mfugaji, fimbo mabegani, akatazama kwa kitambo kirefu kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Karani," akanena, "nimezalisha ng'ombe tangu sijaota ndevu. Nikwambie kitu? Kinachokataa kutoka hakipigwi. Huvutwa, tena pande zote mbili sawasawa."

Shujaa alitaka kumjibu kwa hasira, lakini macho yake yakaangukia usoni mwa diski, akaona matundu mawili madogo yenye meno ya boliti, moja huku na moja kule, ambayo katika video zote kumi na moja aliyaruka ili kuokoa bando. Akakimbilia baiskeli ya kubebea ndizi, akafungua boliti mbili za keria, akazipachika. Akakaza ya kulia nusu mzunguko, ya kushoto nusu mzunguko. Kutu ikalia, ka! Diski ikasogea upana wa punje ya ulezi.

"Mawe, mama wee! Inatoka!" akapaza sauti Muhwezi.

Haikutoka. Ilisogea punje moja ikagoma, na boliti zikaanza kupinda. Shujaa akaacha spana, akaketi chini kwenye vumbi, na moyo wake ukavunjika kabisa. Aliiona Jumatatu inakuja. Alimwona mama yule akipapasa ukuta kuutafuta mlango, na kosa ni lake.

"Mama Vero," akamwambia mkewe Jovitha kwa sauti ndogo, "nimeshindwa. Mwambie mama anisamehe."

Sasa, barazani Bibi Kokubanza alikuwa ameketi na ungo wa maharage, akiyachambua kwa vidole kwa kuwa macho hayakumtosha. Alikuwa mjane wa dereva wa lori la kahawa, na miaka ishirini alipanda kando ya mtu yule. Asubuhi ile aliisikia krrr ya breki ya mkono ikienda. Hakuisikia ikirudi. Tangu saa tatu mama huyu alikuwa anajua, na kwa muda wa saa nne aliukalia ujuzi wake, kwani ni nani amwite mkwe wake mjinga, tena mbele ya Muhwezi? Lakini alipoisikia sauti ile ya chini alishindwa kuvumilia. Akamgeukia mbuzi aliyefungwa kando ya baraza.

"Wewe mbuzi! Nasema na wewe, sisemi na mtu. Marehemu baba yake Jovitha, kabla hajang'oa diski ya nyuma, breki ya mkono alikuwa anaifanyaje? Alikuwa anaiachia, mbuzi wewe! Maana viatu vya breki hiyo vimo humo ndani ya diski, vimeikumbatia. Utaivutaje, na wewe mwenyewe ndiye uliyeifunga?"

Mbuzi akaendelea kutafuna. Muhwezi akayatazama mawingu kwa bidii kubwa.

Uso wa shujaa ukaiva. Alitamani ardhi impokee pamoja na spana zake. Lakini ukubwa wa mtu hupimwa hapo: akainuka, akaingia garini, akaiachia breki ya mkono, akarudi akiwa ameinamisha kichwa. "Mama Vero," akasema, "mwambie mama kwamba mbuzi amesikia, tena ameshukuru sana."

Akakaza boliti ya kulia. Akakaza ya kushoto. Paa! Diski ikaruka, ikabingirika mteremkoni, ikazama migombani, na Muhwezi akaiinua fimbo yake juu kwa mikono miwili akipiga kelele kama aliyepata ndama pacha. Ya pili ilitoka kabla chai haijapoa.

Saa kumi na moja magurudumu yalikuwa mahali pake. Bibi Kokubanza akaja na mkoba wake, akashikwa mkono na binti yake, akaketi kiti cha nyuma. "Mwambie huyo bwana ateremshe gari," akasema. "Nataka nisikie."

Placidius akateremka kwa mwendo wa kinyonga, jasho likimtoka, na katikati ya mteremko akakanyaga. Gari likasimama kimya. Hakuna kilichoguna, hakuna kilichosaga. Mama akatega sikio. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa: hakupitia kwa Jovitha.

"Placidius," akasema, "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi utanikuta nimeshavaa."

"Ndiyo, mama," akajibu, na ilimbidi ajifute macho kabla hajaweza kuiona barabara.

Basi wajue waliozaliwa na watakaozaliwa, kutoka Rubwera hata Nyakahanga: siku ile, katika nchi ya Kamuli, mtu alikanyaga breki, na gari likasimama, na mama mkwe wake alikuwa ndani.