Malalamiko Juu ya Msitu Usio na Kazi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mfuko wa Kununua na Kuhifadhi Ardhi Asilia,
Ofisi za Halmashauri, ghorofa ya pili, mlango unaokwama.

Ndugu Mwenyekiti,

Yahusu: Msitu ulio nyuma ya nyumba yangu, ambao haufanyi kazi yoyote

Kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya asubuhi hii, natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni mwandishi wa barua za watu. Kwa miaka thelathini na moja nimekaa na taipureta yangu kwenye baraza ya posta, nikiwaandikia wasiojua kuandika na wanaojua lakini wana hasira mno. Leo naandika malalamiko yangu mwenyewe, kwa ushauri wa mkwe wangu, mume wa binti yetu wa pekee, ambaye ni dalali wa viwanja. Ameketi hapa mkono wangu wa kulia, anakunywa chai yangu na kunikumbusha mambo ambayo sikujua kwamba yananiudhi.

Ninyi mlitutangazia kwamba mtatutoza tozo ndogo kila mwaka, mnunue misitu na mabonde kabla hayajamezwa na majengo, kisha muyatunze kwa faida ya wote. Tukaitwa ukumbini kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Nakiri kwamba mkono wangu ulionekana juu, lakini siku ile kulikuwa na joto kali na mimi nilikuwa najipepea. Karani wenu akanihesabu. Matokeo yake ni haya yafuatayo.

1. Mmenunua ardhi na hamkuifanyia kitu. Mtu akinunua ng'ombe, humkamua; akinunua shati, hulivaa. Ninyi mmenunua ekari kumi na nane za miti pamoja na chemchemi yake, na kwa miaka minne mmeiacha miti iendelee kuwa miti. Hakuna hata tofali moja! Mkwe wangu anasema ardhi isiyojengwa ni ardhi inayolia. Nimetega sikio dirishani mara nyingi, ninachosikia ni ndege tu. Lakini yeye ndiye mtaalamu.

2. Kitu pekee mlichosimamisha ni bango langoni. Lina jina lako, Ndugu Mwenyekiti, la makamu wako, la katibu, la aliyekata utepe na la aliyemshikia mkasi. Jina la msitu limebanwa chini kabisa, jirani na maneno ya kukataza takataka. Karibu na bango kuna benchi moja, nalo limechongwa jina lako kwenye ubao wa mgongoni, hivyo kila anayechoka anakuegemea wewe. Wageni wakifika huvua kofia, wakidhani umezikwa pale. Tunakuombea maisha marefu.

3. Mlinzi. Mmemwajiri mzee ambaye mtaani tunamwita Filimbi, kwa sababu mlimpa filimbi na yeye amekataa kuipuliza. Eti itawashtua ndege waliolalia mayai. Kutwa nzima anazunguka na daftari, anaandika alichokiona: kima wawili, kinyonga mmoja, mama mkwe wa fundi cherehani. Mkwe wangu alipoingia na kamba kupima mpaka, kwa nia njema kabisa, Filimbi alimfuata hatua kwa hatua huku akiandika. Mkwe akauliza yeye anaandikwa wapi. Akaambiwa, kwa upole, kwamba yumo kwenye ukurasa wa wanyama waharibifu. Hivyo ndivyo anavyosemezwa kijana wa watu aliyevaa viatu vya bei ile?

4. Hamtozi kiingilio, na cha bure kimewaharibu watu. Fundi viatu wetu, ambaye siku zote alikula chakula cha mchana juu ya kazi za wateja, sasa anakwenda kula msituni. Viatu vyangu vimerudi bila doa la mafuta, hata nikadhani si vyangu. Fundi cherehani naye alikuwa hasemezani na mama mkwe wake tangu siku ya harusi. Wiki iliyopita wameonekana kule wakitembea pamoja na kucheka. Mtaa mzima tulikuwa tunaishi kwa ugomvi ule, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kutunyang'anya.

5. Maji. Kisima changu kilikuwa kikikauka kila kiangazi, kwa uaminifu mkubwa. Tangu muiache miti ile ishikilie udongo wake, hakikauki tena. Mkwe wangu alikuwa ameshanunua matangi manne ili aje kutuuzia maji kwa huruma. Matangi yako uani kwake hadi leo, kuku wanatagia humo. Binti yangu anasema mayai ni mengi, lakini mtu hawi tajiri kwa mayai.

6. Hili la sita ndilo linalonichoma. Mke wangu alipatwa na kiharusi miezi miwili kabla ya ile kura ya ukumbini, upande wa kulia wote ukalala. Daktari akasema atembee kila siku, mahali tambarare pasipo na pikipiki. Mahali hapo hapakuwepo, kwa hiyo alikaa kitini, na mimi nikajua alipo saa zote. Mlipofungua msitu akaanza kutoka kwa mlango wa nyuma na fimbo yake. Mwezi wa kwanza alifika mti wa kwanza akarudi analia. Msimu wa mvua ulipokwisha alifika mti wa tatu. Siku hizi anafika chemchemi na kurudi, na ananiambia nibaki nyumbani kwa kuwa namchelewesha. Mwanamume wa umri wangu najichemshia chai mwenyewe! Nauliza kwa uchungu: tulitozwa tozo ili wake zetu waache kuhitaji kushikwa mkono?

Kanuni zenu, kama mkwe wangu alivyonisomea mara tatu, zinasema ardhi iliyohifadhiwa haiwezi kuuzwa mpaka jirani anayepakana nayo alalamike kwa maandishi. Jirani huyo ni mimi, na hakuna mwingine. Basi naomba msitu uondolewe kwenye hifadhi katika kikao cha mwezi ujao. Mkwe alitaka niandike "nadai", lakini uzoefu wa baraza ya posta ni kwamba anayedai hujibiwa mwisho. Kisha uuzwe kwa mtu mwenye maono, ambaye anwani yake nimewekewa hapa mezani. Atajenga maduka arobaini na maegesho ya magari. Ameahidi kuacha mti mmoja katikati ya maegesho, uzungushiwe vyuma. Mke wangu ataweza kutembea hadi kwenye mti huo, mradi aangalie kulia na kushoto kabla ya kila hatua.

Nisalimie wajumbe wote, karani hodari wa kuhesabu mikono, yule mama wa usafi anayeusukuma mlango wenu kwa bega, na dereva wako, ambaye kila nikipita hapo nje nimemkuta amelala kwenye kivuli cha mti pekee uliobaki uani kwenu. Msimwamshe.

Wako katika kulalamika,
Mwandishi wa barua,
Nyumba ya mwisho kabla ya msitu.

Tanbihi: Mkwe wangu ameisoma barua hadi kwenye sahihi, ameipenda, na amekwenda kununua stempu. Sisi waandishi wa barua tuna mwiko mmoja: mteja akishasoma na kuridhika, huongezi hata nukta. Kwa miaka thelathini na moja sijauvunja, na leo nauvunja nikiwa na akili zangu timamu.

Msiuze. Yote sita ni kweli tupu, yasome tena kama shukrani. Nimeandika nilivyoandika kwa sababu binti yangu analala chini ya paa la mtu huyu, na mimi nikimkatalia usoni, atakayenuniwa nyumbani ni yeye. Na siku ile ukumbini sikuwa najipepea. Mkono mmoja ulikuwa wangu, na wa pili ulikuwa wa mke wangu, ule wa kulia, nilimnyanyulia kwa kuwa wa kushoto ulishika fimbo. Karani alihesabu miwili, na alihesabu sawasawa.

Kile kipande cha ardhi kati ya mlango wangu wa nyuma na msitu, ambacho mkwe ameshakipima kwa macho, nawapa bure mkiunganishe na hifadhi. Hati nitaileta mwenyewe Jumatatu. Nasikia mlango wa uani, acha nifunge bahasha. Naomba kitu kimoja tu: benchi moja kati ya mti wa tatu na chemchemi, kwa sababu hapo ndipo mguu humchoka, na yeye hawezi kuniambia. Mkitaka, chongeni jina lako, hata kwa herufi kubwa. Atakuegemea, nami sitalalamika.