Ombi la Kurudishiwa Hiba ya Mwezi wa Kumi na Moja

Kwa Imamu wa msikiti wetu,

Asalaam aleikum. Mimi ni yule muuza magodoro wa safu ya pili, karibu na nguzo. Nilianza na godoro moja, nikalilalia mwenyewe hadi likapata mteja. Sikurithi hata mto. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa hotuba yako ya Ijumaa ile imenimaliza.

1. Zaka hutolewa mali ikimkalia mtu mwaka mzima. Akiba yangu ni milioni ishirini, na mwaka haijawahi kuumaliza. Kila mwezi wa kumi na moja humpa mke wangu iwe hiba. Baada ya wiki mbili naye hunipa, hiba vilevile. Laki tano za zaka mara miaka saba: nimeokoa milioni tatu na nusu bila kumdhulumu mtu.

2. Wewe ukapanda mimbari ukasema anayerudia hiba yake ni kama mbwa anayerudia matapishi. Upande wa wanawake hotuba ilisikika vizuri sana, maana spika ile nilichangia mimi. Wiki mbili zilipotimia mke wangu akanijibu, "Baba watoto, nakuheshimu mno. Siwezi kukufanya mbwa."

3. Nikamwambia basi azikalie. Akasema kulimbikiza umekataza. Nikamwambia azitumie, anunue hata makochi. Akasema, "Israfu hiyo, mume wangu." Sheikh, umemfungia mwanamke milango yote ukamwachia mmoja, wa biashara. Amefungua duka la magodoro. Linatazamana na langu.

4. Godoro ninaloliuza laki na nusu, yeye laki na ishirini. Ati faida ndogo ndiyo yenye baraka! Baraka yake ina foleni. Mimi nafukuza nzi. Juzi ndugu yangu wa tumbo moja kapita mlangoni kwangu na godoro lake kichwani, na salamu akanipa.

Kwa hiyo naomba Ijumaa ijayo utangaze kwamba hiba ziko mbili: ya kutoa na ya kuwekeana. Yangu ilikuwa ya kuwekeana. Haikuwa hiba hata siku moja, na mke wangu mwenyewe anajua.

Nisalimie wanakamati, mwadhini na mama wa nyumbani kwako. Mwambie asinunue godoro kabla hajaniona.

Ni mimi, muumini wako mwenye duka tupu.

N.B. Barua hii asiione mkusanya zaka. Jana alikuja kuuliza zile milioni ni za nani, nikamwapia kuwa ni za mke wangu, hiba halali tangu miaka saba, na sina haki nazo hata senti.