Sinki la Wodi ya Vichanga

Jumatatu, 3 Machi
Kichanga mwingine kapata homa. Kijidudu kile kile ambacho dawa zetu hazikifanyi kitu. Na safari hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Ekuwa! Mganga mkuu katangaza kwamba chanzo kisipopatikana wiki hii, wodi inafungwa. Wodi ninayoisimamia mimi, Fiifi Quaye, Cape Coast nzima inanijua! Na kazi ya kutafuta chanzo kapewa nani? Sista Araba, yule wa nawa mikono, nawa mikono. Anazunguka na vijiti vya pamba, anapangusa kila kitu eti vikapimwe, kazi kweli hiyo? Nitamkamata mchawi kabla yake.

Jumanne
Nimewafukuza mabibi wote wanaokuja kutazama wajukuu. Uchafu wa sokoni huo! Mmoja, muuza samaki, kanijibu mbele ya wauguzi kwamba kabla sijamnusa yeye nijinuse mwenyewe. Mdomo huo! Nimekula kenkey yangu, donge la unga wa mahindi, kwa hasira, nikanawa kwenye sinki la wodi kama kawaida, supu ya samaki na mawese iliyobaki nikaimwaga humo. Ofisini kwangu hakuna bomba. Msimamizi mzima nifuate maji uani? Thubutu!

Jumatano
Mpango wa akili. Nimemwambia mganga mkuu kwamba mwambukizaji ni Araba mwenyewe, si anashikashika kila kitu? Mikono ya watumishi ipimwe, tuanze na yake. Araba kacheka, kasema sawa kaka, hata sasa hivi. Ekuwa analia. Mwanawe kabakiwa na dawa moja tu ya kujaribu. Nimemwambia atulie, mjomba yupo kazini.

Ijumaa
Fedheha! Araba msafi. Kijidudu kiko kwenye vidole vyangu mimi! Nikasema kimetoka kwenye vijiti vyake. Kumbe na sinki alishalipima. Fundi akafungua bomba la chini mbele yetu: miba ya samaki, mafuta ya mawese, utelezi unaonuka. Araba akaeleza kwamba vijidudu vinanenepa humo kwa mabaki ya chakula, maji yakifunguliwa vinarukia mikono ya wauguzi, kisha watoto. Nikafoka, nguruwe gani anamwaga chakula humu? Ekuwa akalitazama shati langu. Doa jekundu la mawese, kifuani! Akaniambia nisimguse mwanawe mpaka ninawe. Dada yangu wa tumbo moja!

Jumatatu, 10 Machi
Sinki limeng'olewa, vichanga wamehamishiwa ghorofani. Mimi nimehamishiwa stoo. Araba anapongezwa, nyoo! Aliyedai mikono ipimwe ni mimi! Mpwa wangu homa imeshuka, ananyonya. Mchana nimempelekea Ekuwa supu ya mawese. Nimemkuta kalala, nikainywa mwenyewe isiharibike. Nikakumbuka masharti yake: kunawa kwanza. Mimi si mbishi. Wana sinki jipya kule, kando ya vitanda vya watoto, linameza maji vizuri ajabu. Nimemwaga masalio, nimesuuza bakuli, nimenawa hadi viwikoni. Kisha nikambeba mtoto.