Masikio Mapya ya Nyarugusu

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimeamua. Mama Wiliam, mwenye ditekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, nzuri kuliko zote hapa Nyarugusu, ametangaza kwamba Jumamosi atatupima mimi na mchimbaji mwenzangu Donatus kwenye shamba lake lililokwisha kuvunwa pamba. Atakayesikia dhahabu ndiye atakayebeba mashine kiangazi chote. Mwingine atafuata nyuma na sururu. Donatus anasikiliza kwa kile kispika cha mashine, kiganja nyuma ya sikio, kama babu anayeulizwa umri wake. Nishindwe na huyo?

Nimemwahidi mke wangu, Limi, kwamba nikipata ditekta ataacha kuponda mawe ya dhahabu mwaloni, kule yanakooshwa. Viganja vyake vimekuwa vigumu hadi vinanikwaruza akinipa chai. Inaniuma. Kwa hiyo, hedfoni. Tena si za mtumba!

Jumanne, 8 Julai
Geita mjini, dukani kwa Suresh. Amenivalisha hedfoni nyeusi zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika lote, mito yake ya ngozi laini. Akaweka wimbo. Jamani! Besi ilinishuka hadi visiginoni. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi, na nyuma yake mtu akisogeza kiti. Kwa masikio haya, chembe ya dhahabu itajificha wapi?

Suresh ni mkweli kupita kiasi kwa mfanyabiashara. Alinishauri nizivae kwanza nusu saa palepale dukani, maana zinabana na wengine huzirudisha. Nikamwambia kwamba mimi, Masele, sibanwi. Nimemwachia baiskeli, nimeondoka na hedfoni. Nimerudi kwa lifti ya lori la mchanga, nimezivaa njia nzima.

Jumatano, 9 Julai
Nimebanwa. Masikio yanawaka moto, hata kulalia ubavu siwezi. Limi akashauri nizilegeze kidogo. Kidogo ya nini? Nimelivalisha sufuria la ugali hedfoni tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Sasa hazibani kabisa. Nikiinama, zinaanguka. Nikizikandamiza kwa mikono, sauti tamu. Nikiachia, besi yote inatoroka. Nimechana kipande cha kanga ya Limi, nimezifunga kwa kukipitisha chini ya kidevu. Zimetulia! Majirani wawili wamenipa pole ya jino.

Alhamisi, 10 Julai
Buseresere, kwa mganga. Sauti nzuri peke yake haitoshi, maana Donatus ana bahati ya kijinga. Mganga amenishonea hirizi ya ngozi. Ndani kaweka sindano ya chuma na vitu vingine ambavyo hakupenda niviulize. Nimeifunga kifundo cha mguu wa kulia. Akaahidi kwamba kila nitakapokanyaga, mali itaniita. Kila nitakapokanyaga!

Limi ameuliza nimemlipa mganga nini. Nikasema asijali. Bado hajamtafuta jogoo.

Ijumaa, 11 Julai
Mazoezi. Nimezunguka senta nzima na hedfoni zangu, waya kwenye simu, sauti juu, macho chini. Raha! Inasemekana nilipishana na Mama Wiliam. Inasemekana alisimama kungoja shikamoo yake, kisha akaniita mara tatu. Mimi nilikuwa na besi.

Limi alikuja mbio akaniambia niende kuomba radhi kabla jua halijazama. Nimeenda. Nimempa shikamoo tatu kwa mpigo. Kajibu marahaba moja.

Jumamosi, 12 Julai
Siku yenyewe. Donatus alianza. Asubuhi yote akapata msumari mmoja na kizibo cha soda. Nilimwonea huruma, kwa muda mfupi.

Zamu yangu. Nikachomeka waya, nikafunga kanga. Hatua ya kwanza: mluzi! Hatua ya pili: mluzi! Kila nilipopitisha sahani ya mashine karibu na mguu wa kulia, dhahabu ililia. Ahadi ya mganga hiyo! Nikapigilia vijiti vya alama kila mahali. Donatus alikuwa ananipungia mikono na kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Wivu. Nikatabasamu, nikampungia nami.

Vijiti thelathini na nane. Wachimbaji wakachimba mashimo kumi na manne. Udongo mtupu. Ndipo Mama Wiliam akanivua hedfoni kwa mkono wake, akaichukua mashine, akaipitisha kwenye kifundo cha mguu wangu. Ikalia. Akauliza nimefunga nini huko. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Donatus akasema ndicho alichokuwa ananiambia muda wote. Nilitamani kuingia kwenye shimo langu mojawapo.

Kisha Donatus akaomba kujaribu hedfoni zangu. Kichwa chake ni kikubwa, hata kanga hakuhitaji. Akainamia shimo langu la kumi na nne, akatulia, akaonyesha kidole. Punje ya dhahabu, ukubwa wa harage! Mama Wiliam ameamua. Donatus ditekta, mimi sururu. Na hedfoni ameniomba nimwazime Donatus. Ningekataaje, baada ya ile shikamoo?

Jumapili, 13 Julai
Limi ameenda mwaloni kuponda mawe, hata Jumapili. Afadhali angenigombeza. Nimekaa kizingitini nimeona aibu kwa dakika nzima.

Halafu nikafikiri. Hedfoni zilisikia sindano moja ndani ya ngozi! Na nani aliyechagua shimo la kumi na nne? Mimi! Mpango ulikuwa sahihi, kosa ni mahali. Mguuni ni mbali mno na masikio. Kwa hiyo: hedfoni mpya, kubwa zaidi, za kufunika sikio lote, na hirizi mbili zenye sindano mbilimbili zishonewe kwenye mito yake, kulia na kushoto.

Baiskeli imekwisha, jogoo amekwisha. Nimeliangalia godoro. Zuri, halijabonyea popote. Suresh hawezi kulikataa. Nikiwahi, nitakuwa nimerudi kabla Limi hajatoka mwaloni na mgongo wake uliochoka.