Saini ya Mke Wangu na Kopo la Biskuti

Jumatano, 7 Mei

Siku ya arobaini na moja ya ndoa. Naandika upesi kabla hasira hazijapoa. Zikipoa nitasahau nusu, maana Mwandani akicheka tu mimi husahau hata jina langu.

Mwandani ni mke wangu. Mwalimu wa hisabati. Yeye ndiye aliyepata kazi huku ugenini. Mimi nimekuja kwa cheo cha mume, cheo ninachokipenda kuliko vyote duniani. Cheti changu cha sekondari kimenipatia kibarua katika maktaba ya shule hiyohiyo. Nafuta vumbi kwenye vitabu, na kupitia dirishani namwona akifundisha. Akiinua mkono kuchora duara ubaoni, na moyo wangu unazunguka.

Sasa hasira. Leo wakati wa chai Mhasibu wa shule aliingia chumba cha walimu na kopo la biskuti. Halina biskuti. Mna kadi za benki za walimu wote wageni, kila moja imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi chenye namba ya siri. Anasema ndio utaratibu: ofisi inatunza kadi, inawatolea mshahara, inawalipia kodi, mwalimu abaki na chaki yake tu. Wote wameshampa. Mimi nilimpa siku ya kwanza, kwa mikono miwili. Imebaki ya Mwandani.

Mwandani akamjibu kwa upole kwamba kadi ya benki ni kama mswaki, haiazimwi. Walimu wakacheka. Mhasibu hakucheka. Akasema basi mshahara wake mwezi huu huenda ukachelewa, na kibali cha kazi nacho ni karatasi tu, na karatasi hupotea.

Kumtisha mke wangu. Mbele ya birika la chai. Nilisimama nimpashe, ila nilikuwa na mkate mdomoni, na nilipomaliza kuumeza alikuwa ameshatoka.

Huyu bwana atanitambua.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa kwanza. Mwandani hakuambiwa.

Nina kadi ya wateja wa duka la viatu. Ngumu, ya rangi ya dhahabu, ukubwa uleule wa kadi ya benki. Nikaitia kwenye bahasha, nikabuni namba ya siri, nikaibandika kwa gundi ya maktaba inayoshika hata ngozi. Nikampelekea Mhasibu na kumwambia mke wangu ametafakari.

Nilitegemea ataitupa koponi bila kuifungua. Mtu mwaminifu angefanya hivyo. Yeye akaikata kwa mkasi na kuisoma kwa sauti: Mteja Wetu Mpendwa wa Viatu. Akaniuliza kama mke wangu alipwe mshahara au alipwe kandambili.

Hayo yangekwisha hapo. Lakini Mwalimu wa Juu alikuwa amekuja kuomba kalamu. Huyu anafundisha sayansi na anakaa ghorofa iliyo juu ya yetu, na anatembea humo kwa visigino kama anapigilia misumari. Alicheka mpaka akaegemea kabati. Tuliporudi nyumbani, ngazi nzima ilishapata habari. Sasa naitwa Bwana Ndala.

Mwandani naye alicheka, kisha akafunga mlango. Akanieleza alichoambiwa na mama mwenye nyumba. Mwalimu aliyekaa vyumba hivi kabla yetu alimkabidhi Mhasibu akaunti yake. Fedha za watu asiowajua zikaingia na kutoka kwa jina lake. Siku ya kurudi kwao alikamatwa uwanja wa ndege. Mhasibu alipoulizwa akasema mtu huyo hamfahamu.

Akanishika mkono. Akasema mshahara ukichelewa tutakula viazi, lakini jina lake likichafuka huku hatafundisha popote tena, na pengine atalala rumande. Akaniomba jambo hili nimwachie yeye.

Nilikubali. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Ningekubali hata kupaka mlima rangi.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kuudhiwa na ndugu pamoja na majirani.

Asubuhi alipiga simu shemeji, dada mkubwa wa Mwandani. Tayari anajua habari ya viatu. Akaniambia, "Shemeji, wewe kazi yako kumpenda. Na kupenda unapenda kweli, hatukatai. Ya benki mwachie mwenye kichwa." Nikamjibu kwamba na mimi kichwa ninacho. Akasema ndiyo, kakiona kwenye picha za harusi.

Adhuhuri nikakutana na Mwalimu wa Juu kwenye ngazi. Anajigamba kwamba ofisini wanamwamini kama mtoto wa nyumbani. Kadi yake ipo koponi, na ya mkewe pia. Akaniuliza, "Bwana Ndala, mtoto wa watu utamlisha mapenzi?" Nilipopata jibu zuri sana alikuwa ameshafika kwake na kufunga mlango. Nililisema hata hivyo. Mlangoni.

Halafu nikafikiri. Mwandani akifungua akaunti benki nyingine, mshahara utapita huko na Mhasibu atabaki kulamba kopo. Benki inataka barua ya mwajiri yenye muhuri tu. Na muhuri uko kwenye droo ya Mhasibu.

Nimemwahidi Mwandani kwamba namwachia. Lakini mume anayemwachia mkewe kila kitu ni mume au ni pazia?

Jumatatu, 12 Mei

Nimeupata muhuri.

Mhasibu alinipokea vizuri hata nikaona haya. Akanivutia kiti. Akaniita mdogo wangu. Akasema yaliyopita si ndwele, barua ataigonga muhuri sasa hivi, ila bibie atie saini kwenye fomu tatu za kuhamisha fedha. Nikaona hazina kiasi wala jina la mpokeaji. Akasema ofisi itajaza baadaye. Mambo ya kodi.

Akili yangu ikawaka. Mwandani akisaini, ni hatari. Nikisaini mimi, saini si yake, na saini isiyo yake ni uchafu wa wino. Benki itazikataa fomu, Mhasibu ataumbuka, na barua nitakuwa nayo mfukoni. Nilikaribia kumwonea huruma.

Nikarudi maktaba nikajifungia nyuma ya rafu ya kamusi. Saini yake ya benki naijua: ina jina la baba mkwe, imesimama wima kama uzio, mimi ndani yake simo kabisa. Hiyo sikuigusa. Nikaweka ile niliyombunia mimi wiki ya fungate, tulipokuwa tunachorachora kwenye karatasi za kufutia mikono. Jina lake, kisha langu, na mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma kuyazungushia yote mawili kama mshipi. Nikaiandika mara tatu. Ya tatu ilitoka nzuri hata machozi yakanilenga.

Nikampelekea Mhasibu fomu, naye akaigonga barua muhuri. Wakati wa kupanda ngazi nilipiga mluzi makusudi kila nilipokanyaga.

Jumanne, 13 Mei, asubuhi

Nilimweleza Mwandani wakati wa chai. Nilianza na muhuri ili afurahi kwanza.

Akaweka kikombe chini. Akauliza nilisaini saini gani. Nikachovya kidole kwenye chai na kumchorea mezani, mpaka ule mkia.

Akaitazama mpaka ikakauka.

Kumbe wiki iliyopita alikwenda benki na kuibadilisha saini yake. Ile ya uzio imefutwa. Ameandikisha hii niliyombunia. Alitaka kunishtukiza siku ya hamsini ya ndoa, anionyeshe kadi mpya yenye saini hiyo mgongoni, kwa sababu niliwahi kulalamika kwamba kwenye karatasi zake mimi simo.

Maana yake fomu zile ni halali. Mhasibu anaweza kupitisha fedha za mtu yeyote duniani kwa jina la mke wangu.

Hapo nilikosea. Furaha ya zawadi ilinizidi. Nilimuuliza mke wangu: karani wa benki aliisifuje saini yangu?

Hakupiga kelele. Aliniita jina langu lote, lile la kwenye cheti cha ndoa. Tangu siku ya harusi hajawahi. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja." Akachukua mkoba na kutoka, aifikie benki kabla haijafungua milango.

Nimebaki na meza yenye chai. Nina hasira ambazo mwili hauzitoshi. Kwamba Mhasibu amenifanya niigeuze zawadi ya mke wangu kuwa kitanzi chake. Nakwenda kuzitoa fomu hizo ofisini kwake. Leo hii. Kwa mikono yangu.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Nieleze kwa utaratibu.

Saa nne Mhasibu alitoka. Nikaingia. Droo ya kwanza, vibanio. Droo ya pili, kopo. Nikasikia viatu vyake vinarudi. Nikajitupa kwenye stoo ya vifaa iliyo ndani ya ofisi ile. Mlango wake hufunguliwa kwa nje tu. Hilo nililijua baadaye.

Nilikaa humo kati ya maboksi ya chaki na mitihani ya miaka iliyopita. Kufikia saa saba nilikuwa nimeshasahihisha mingi kichwani.

Ndipo nikasikia sauti ya Mwandani. Aliomba kopo. Mhasibu akacheka na kumwambia arudi darasani. Mwandani akamwambia, kwa sauti ileile anayofundishia hesabu za sehemu, kwamba ametoka benki. Kwamba asubuhi hii fedha zimeingia kwenye akaunti yake kutoka kampuni asiyoijua, na fomu moja ilikuwa imeshafika kaunta ili zitoke. Kwamba ameizuia, akaifunga akaunti na kuacha maelezo ya maandishi. Na kwamba meneja wa benki angependa kujua humo koponi mna kadi ngapi.

Mimi niliacha kupumua, ingawa ilikuwa kwa sababu ya chaki.

Mhasibu akasema Mkurugenzi wa shule ataambiwa. Mwandani akasema, "Mwambie. Nami nina mengi ya kumwambia."

Kisha bati la kopo likagonga meza, na miguu ikaanza kuingia, mingi. Mwandani alikuwa amewaambia walimu wote. Kila mmoja akaomba kadi yake. Nikasikia mpaka sauti ya Mwalimu wa Juu, nyembamba kama uzi, anaomba yake na ya mkewe, na anasema kwamba yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipopiga chafya.

Aliyefungua mlango ni Mwandani. Nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi mabega. Akaniuliza nafanya nini humo. Nikasema namlinda. Mwalimu wa Juu akauliza, "Kwa chaki?"

Walicheka wote. Mhasibu naye alicheka kidogo, mshenzi.

Kadi yangu ilibaki ya mwisho koponi. Mwandani akaiokota, akaifuta, akaitia kwenye mkoba wake.

Alhamisi, 15 Mei

Mhasibu hajaonekana. Shule inasema yuko likizo. Droo zake ziko wazi na muhuri haupo. Mwandani ameandika barua ya kuacha kazi ifikapo mwisho wa mwezi, na benki imemhakikishia kwamba jina lake ni safi, kwa sababu aliwahi.

Nimeyasoma maelezo aliyoacha benki. Yanasema fomu zilisainiwa na mtu wa nyumbani kwake bila kujua alifanyalo. Bila kujua. Hizo ndizo shukrani. Nisingesaini, fomu isingefika benki. Isingefika benki, isingezuiwa. Isingezuiwa, kopo lingekuwa limejaa hadi leo. Nikamweleza hoja hiyo. Akaniomba niirudie polepole. Nilipofika katikati akaniomba niiache.

Alinichukua mkono na kuuweka juu ya picha yetu ya harusi. Nikaapa kwamba sitatia saini karatasi yoyote, iwe yake au yangu, mpaka aisome yeye. Akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi. Nikasahau nilikuwa nimekasirikia nini. Nimekumbuka sasa hivi.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya hamsini ilipita bila sherehe, kwa sababu zinazoeleweka. Lakini leo Mwandani anaimba jikoni. Juzi alifungua akaunti mpya, benki nyingine, ameweka saini ileile yenye mshipi. Nilidhani angeikana. Hakuikana. Mwanamke gani huyu nimepewa mimi.

Na mimi nina langu la kumshtukiza.

Amenipigia simu wakala wa ajira za walimu. Mtu muungwana, wala hakuniita Bwana Ndala. Anayo shule nzuri katika mji mwingine, inamtaka mwalimu wa hisabati, na mumewe pia atapewa nafasi. Tatizo ni dogo. Walimu wapya wa huko bado hawajafunguliwa akaunti, kwa hiyo mishahara yao inahitaji kupita kwa mtu mwaminifu kwa wiki mbili tatu. Anasema wamesikia kwamba familia yetu inaaminika sana huku, hasa baada ya mambo ya juzi. Mtu wa kwanza katika nchi nzima kuliona hilo. Shemeji angekuwepo asikie.

Alitaka namba ya akaunti mpya ya Mwandani na ya kibali chake cha kazi. Akanitumia na fomu nisaini. Nikamwambia hapana, bwana, mimi nina ahadi na mke wangu, na ahadi ya ndoa haichezewi. Fomu nikaichana vipande vinne.

Namba nilimsomea tu kwa simu, polepole, tarakimu moja moja, ili asikosee.