Mabonge Mawili ya Kioo na Mama Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Leo mama mkwe kaniita mtaalamu. Siku zote mimi ni "yule anayeuza vyombo vya watu waliohama". Kaniletea bonge la kioo la kukandamizia karatasi, limebinuka kama nusu chungwa, chini yake imebandikwa picha ya marehemu mama yake. Hana nyingine. Mdogo wake naye analo bonge kama hilo, na kila mmoja anadai lake ndilo alilotengeneza baba yao, la mwenzake nakala. Kwa ajili hiyo hawajakanyagiana kizingiti tangu mke wangu akiwa msichana wa shule. Akauliza kama nitaweza kutambua la kweli. Nikamwambia vitu vya kale hunitambua vyenyewe kwanza.

Mpango: natangaza la mama mkwe ndilo la asili, naye kwa furaha ananiachia sebule yake ya mbele niifanye duka la pili. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mama mdogo kuazima lake. Nikasifu mapazia, nikasifu paka, nikala sahani mbili. Kanipa, ila kaonya likipata ufa hata wa unywele nitafute ukoo mwingine wa kuoa. Mama mwema sana.

Jioni nimeyapima. Kioo cha zamani ni kizito, kina vipovu ndani, kitako kimekwaruzika kwa kusuguana na meza miaka na miaka. Tena ukikigusisha shavuni kina baridi, plastiki haina. Yote mazito. Yote vipovu. Yote baridi, shavu limekufa ganzi. Mke wangu akauliza kama nimeziangalia picha zenyewe. Nikamjibu wataalamu hatuangalii sura, tunaangalia vitako. Akasema hilo analijua.

Jumatano, 5 Machi
Kilichonizuia ni uchafu. Nimeyaloweka yote kwenye beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo. Nikaenda kunywa chai.

Narudi, mabonge yametulia chini na marehemu anaelea juu. Mara mbili.

Mke wangu alichungulia beseni, akavaa viatu, akaenda kazini bila neno. Heri angetukana. Ikabidi nimkimbilie mpiga picha wa jirani, hasimu wangu, aliyewahi kuniambia mbele ya wateja kwamba kitu cha kale pekee dukani kwangu ni shati langu. Hakucheka. Kafunga studio, kaja nami, kazitoa picha majini kwa kiganja kama anayeokota kifaranga, kazilaza kwenye kitambaa safi, kanikataza hata kupumua karibu. Zimepona. Nilimkumbatia mpaka akaomba kuachiwa.

Kisha akauliza: profesa, mbona hizi si picha moja? Gauni moja, kiti kimoja, siku moja, karatasi zimechakaa sawasawa. Lakini hapa mama kanuna, hapa anacheka. Hakuna nakala. Baba mtu alipigisha mbili, kila binti na yake.

Ipi ya nani sasa? Kumuuliza mke wangu haiwezekani, tangu beseni hatuzungumzi. Nikatumia akili: mama mkwe hununa, basi aliyenuna ni wake. Gundi, kwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeyarudisha yote. Mama mkwe kalishika lake, kalisogeza dirishani. Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Akasema huyu si wake, wake anacheka. Kisha akalisogeza karibu na macho. Huu, akasema, ndio uso uliokuwa ukituita ndani giza likiingia, nilishausahau. Akajifuta macho, akatoka moja kwa moja hadi kwa mdogo wake. Nami nyuma, tayari kukimbia.

Mama mdogo tulimkuta mlangoni na bonge lake, machozi mpaka kidevuni. Maisha yake yote alidhani mama hakuwahi kumchekea. Dada yake akamwambia, we mjinga, aliyemchekesha siku ile ni wewe, ulikuwa umeketi juu ya kofia ya mpiga picha. Wakaangukiana pale pale.

Hawarudishiani. Watatembeleana, kila mmoja akamtazame mama wa upande wa pili. Mama mkwe kanishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu, mtu mzima nikalia. Namshukuru Mungu, namshukuru mpiga picha, nalishukuru beseni. Mke wangu kanisemesha. Sebule nimeikosa, wanaitaka wao kwa maongezi. Wabarikiwe, wapige soga mpaka koo ziwakauke.

Jumamosi, 8 Machi
Sifa zimevuma. Jirani wa juu kaniletea babu yake, kachorwa kwa rangi za maji, ndiye pekee waliye naye, nimwambie ni wa enzi gani. Vumbi tupu. Mpiga picha kanisihi nisimguse hata kwa kidole. Ndugu yangu yule, nampenda, ila wivu haujamtoka. Kosa la juzi nimeshaligundua mwenyewe: maji yalikuwa ya uvuguvugu. Babu wa watu nimemtilia ya moto.